Mwendo Kwanza, Rangi Baadaye

Picha ile bado ninayo. Ndege mdogo wa kijivu, tumbo jeupe, mdomo mweusi, amesimama juu ya tope la hori ya Mida, pale Watamu. Nilimpiga picha arobaini na tatu, nikachagua moja iliyotulia, nikawatumia wenzangu wa Mombasa tunaotembea pamoja kutazama ndege. Chini yake nikaandika jina: chamchanga, yule wa mdomo uliopinda. Sikuweka hata alama ya kuuliza.

Haikupita nusu saa majibu yakaanza kuingia. Wa kwanza akasema siye. Wa pili akasema siye, tena akataja jina jingine. Wa tatu akaniuliza swali nililoshindwa kulijibu: "Alikuwa anatembeaje?"

Dakika kumi nzima nilikuwa nimemkodolea macho yule ndege kwenye kamera, na mwendo wake sikuuona. Nilikuwa nikingoja atulie. Na katika picha niliyoichagua, kwa kuwa ilikuwa kali kuliko zote, alikuwa amenigeukia uso, mdomo umeelekea lenzi, hivyo urefu wake hauonekani wala kupinda kwake. Yaani katika picha arobaini na tatu nilichagua ile iliyoficha jambo lenyewe.

Wengi wetu siku hizi tunaingia kwenye utazamaji wa ndege kwa mlango wa kamera. Si vibaya. Simu imetuzoesha kupiga picha kila kitu, na ndege wana rangi. Nchi yenyewe imejaaliwa: Kenya peke yake ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na Tanzania vivyo hivyo. Mtu anaanza na chozi anayenyonya maua ya mgomba nyuma ya nyumba, anapata picha moja nzuri, anasifiwa, basi ameshanaswa. Mwezi wa tatu anauliza bei ya lenzi ya milimita 600. Hapo ndipo mimi ningemshika mkono nimwambie anunue darubini kwanza, hata ya mtumba. Ile iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa: nane ni mara anazokuzwa ndege, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaoingiza mwanga alfajiri. Wanaokimbilia zile za kukuza mara kumi na mbili wanaishia kutazama mtetemo wa mikono yao wenyewe.

Narudi Mida. Kule, kabla ya kumjua ndege, sharti uyajue maji. Yakishakupwa, tope linaenea mpaka mbali na ndege wanabaki nukta tu upande wa pili. Yakishajaa kabisa, wameshaondoka kwenda kupumzika kwenye visiwa vya mchanga na juu ya mikoko. Wakati mzuri ni ule wa katikati, maji yanapojaa na kuwasukuma ndege hatua kwa hatua kuja upande wako, nawe umekaa kimya, jua liko mgongoni. Siku za bamvua mambo haya yanakwenda mbio, na usipoangalia maji yanakuzunguka nyuma ungali unahesabu. Siku za maji mafu unaweza kukaa asubuhi nzima wasikusogelee. Ratiba ya maji kujaa na kupwa imenifaa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Siku niliyorudi kumtafuta ndege wangu nilimkuta mzee mmoja akichimba chambo. Alinitazama kwa muda, kisha akaja na ndoo yake.

"Mwanangu, wapiga mashine hiyo tangu asubuhi, watafuta nini?"

"Natafuta jina la yule, mzee."

"Yule kitwitwi."

"Na yule pale?"

"Kitwitwi."

"Na wale wa kule majini?"

"Vitwitwi pia," akasema, kisha akacheka. "Lakini si wamoja. Wale washona. Huyu wako hukimbia akasita, akakimbia akasita, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichoagizwa."

Nikashusha kamera. Kweli, wale wa majini walikuwa wakishona. Vichwa chini, midomo inapanda na kushuka kwenye tope bila kupumzika, kama sindano ya cherehani, wakisonga mbele pole pole kwa mstari. Ndege wangu hakushona hata mara moja. Alipiga mbio hatua sita au saba, akasimama wima kama mlinzi, akatazama, akainama ghafla, akadonoa, akasimama tena.

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu cha Stevenson na Fanshawe, kile kinachochukua ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi na ambacho watazamaji wa huku wanakibeba kama msahafu. Nikaelewa kwamba mzee alikuwa amenipa somo zima kwa sentensi mbili. Wanaoshona ni jamii ya chamchanga. Ncha ya mdomo wao ina neva nyingi, wanawinda kwa kugusa, basi hawana haja ya kuona wanachokila. Wanaokimbia wakasita ni vitwitwi hasa: mdomo mfupi, jicho kubwa, wanawinda kwa kutazama, na huwezi kutazama vizuri huku unakimbia. Ndege niliyemwita chamchanga alikuwa kitwitwi wa mchanga. Rangi zilinidanganya kwa sababu huku kwetu wageni hawa wote wanavaa sare moja ya kijivu. Nguo za harusi wanazivalia kwao, kaskazini.

Na kwao ni mbali. Chamchanga wa mdomo uliopinda ana uzito wa gramu sitini hivi, karibu sawa na yai la kuku wa dukani, na anazalia kwenye nyanda za barafu za Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Mwezi wa Aprili anajaza mafuta mwilini kwa safari hiyo. Mpiga picha anayewakimbilia ndege waliopumzika ili waruke apate ile picha ya kundi hewani huwa anawachomea akiba ya safari. Nimeliona likifanywa na watu wenye kamera za bei ya gari. Nami, siku zangu za mwanzo, nimelifanya.

Kuna ndege mmoja Mida ambaye hahitaji ubishi. Ni mkubwa, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene kama kisu cha kumenyea nazi. Chakula chake kikuu ni kaa. Katika ndege wote wa duniani yuko peke yake katika familia yake, na desturi zake ni za ajabu: hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Mashimo hayo yako kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, bahari ya Shamu na Somalia. Msimu wa kuzaliana ukiisha, anashuka huku kwetu kwa njia ileile ya majahazi. Tofauti ni kwamba majahazi yalingoja kaskazi, naye hangoji. Wengine hutua Agosti, kusi ingali inavuma.

Nilimtazama mmoja kwa saa nzima, safari hii kwa darubini tu. Kando yake alikuwepo kinda mkubwa kama yeye, mgongo wa kijivu, amejikunyata na kulialia kwa sauti nyembamba. Mama, au baba, sikuweza kutofautisha, alipiga hatua tatu za taratibu, akachomoa kaa topeni, akambamiza, gando moja likaruka pembeni. Kinda akasogea na kufungua mdomo. Amevuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe, na bado anataka alishwe! Ningekuwa na kamera usoni ningepata picha ya kaa.

Kitwitwi wangu wa mchanga, kwa bahati mbaya, hakuishia hapo. Wako wawili, mkubwa na mdogo, wanaochanganyika kundi moja na kufanana mno. Kanuni inasema upime mdomo kwa jicho: ukizidi umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, huyo ni mkubwa. Ni rahisi kuandika. Lipo joto linalocheza juu ya tope, upo upepo, na ndege mwenyewe hataki kukupa ubavu. Juu ya hayo, miaka michache iliyopita wataalamu walimgawa yule mdogo kuwa aina mbili, wa Siberia na wa Tibet, huyu wa pili akiwa ndiye tunayemtarajia huku. Daftari langu la zamani lote likawa na jina la ndege asiyekuwepo tena. Yeye hana habari, anakimbia na kusita kama kawaida.

Programu za simu zinasaidia. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, haina malipo, na kwa sauti za ndege imenifumbua masikio. Ila picha unayoipa ni ya nukta moja ya wakati, na ndege hatembei ndani yake. Zaidi yake napenda kutembea na watu. Nairobi kuna matembezi ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanza mwaka 1971, ambako mgeni wa siku ya kwanza anasimama bega kwa bega na mtu aliyetazama ndege kwa miaka thelathini.

Ng'ambo ya barabara ya Malindi, mkabala na Mida, unaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, na huko somo linageuka. Hakuna mwendo wa kutazama kwa sababu hakuna anayetembea. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyeanza kutambuliwa na sayansi katika miaka ya 1960, ana urefu wa sentimita kumi na saba hivi na anashinda mchana kutwa kwenye vichaka vya udongo mwekundu akijifanya jani kavu. Mwongozaji aliniacha nisimame mbele yake, akaninyooshea kidole, nami nikaona majani tu, mpaka jani moja likafumbua jicho kidogo, likafumba. Nyanya yangu angenikataza kusimama hapo. Kwake bundi alileta msiba. Wako wanaocheza sauti yake kwenye simu ili ajitokeze, na wako wanaovunja vitawi vinavyowazibia picha. Bundi anayeitwa na simu kila siku anadhani eneo lake limevamiwa kila siku, na kitawi kilichovunjwa kilikuwa kikimficha na mwewe.

Bado kuna ya kugundua, tena si ya maabara. Mnana wa Clarke anapatikana Kilifi tu, dunia nzima, na alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1913. Viota vyake havikujulikana viko wapi mpaka 2013, vilipopatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini mwa Malindi. Miaka mia moja! Siku hizi mtu yeyote anaweza kuchangia ramani ya ndege wa Kenya: nchi imegawanywa miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, unatembea mrabani saa mbili au zaidi, unaandika kila aina uliyoiona au kuisikia. Picha si lazima.

Juzi nilirudi Mida na daftari tu. Mzee wa chambo hakuwepo. Nilichoandika ni hiki: "Vitwitwi wa mchanga, 14. Wakubwa? Wadogo? Mmoja alikimbia, akasita, akainama, akavuta mnyoo mrefu kuliko mguu wake, akarudi nyuma hatua mbili ili atoke wote. Maji yamenifika magotini."