Mpumbu wa Mweru: Samaki Aliyezibiwa Njia

Kumvua samaki aliyejaa mayai akiwa njiani kwenda kutaga ni sawa na mkulima kula mbegu yake siku ya kupanda. Shibe ya leo hupatikana, lakini msimu ujao shamba hubaki tupu. Katika Kabuta na vijiji vingine vya Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula nchini Zambia, jambo hilo si fumbo la kuwapumbaza watoto. Ni historia ya Ziwa Mweru lenyewe.

Ziwa hilo, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 5,000, limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini karibu na mji wa Pweto, ukipeleka maji kwenye mkondo wa Mto Kongo. Kibemba ndiyo lugha inayotawala ufuko wa Zambia, lakini Kiswahili cha ng'ambo nacho husikika, kwani biashara ya samaki imewazoesha watu wa pande zote mbili kuelewana.

MAJIRA YA MPUMBU

Hapo zamani samaki aliyevuma sana katika maji hayo ni mpumbu, ndugu wa ningu wa Ziwa Victoria. Mvua zilipoanza na mto ukafura, mpumbu walikusanyika kwa makundi makubwa, wakapanda Luapula kwenda kutaga. Wavuvi waliyajua majira hayo kama mkulima ajuavyo majira ya kupanda.

Wakati wa ukoloni biashara ilibadili mambo. Wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, walijenga vituo vyao Kasenga, kwenye ukingo wa Kongo. Walinunua samaki, wakawahifadhi kwa barafu na kuwasafirisha hadi Elisabethville, mji ambao leo huitwa Lubumbashi, ili kulisha miji na migodi ya Katanga. Soko lilivyopanuka, ndivyo nyavu za makila zilivyoongezeka. Nyingi zilitegwa mtoni wakati uleule mpumbu walipokuwa wakipanda wakiwa na mayai tumboni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, yale makundi makubwa yalikuwa yamekwisha. Wavuvi wakalazimika kuwategemea zaidi samaki wengine, hasa pale, ambaye ni wa jamii ya perege.

Msiba huo haukuwa wa Mweru peke yake. Nyavu za makila ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Zilipotegwa kwenye midomo ya mito, ningu naye alikutwa na mkasa uleule wa nduguye wa Luapula.

MGENI ALIYETUNZWA

Mwaka huohuo wa 1905 samaki mwingine aliingizwa Kenya. Huyo ni trauti, aliyeletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, kwa ajili ya mchezo wa walowezi. Trauti hupenda maji baridi yaendayo kasi. Katika joto la Mweru asingeweza kustawi. Lakini namna alivyotunzwa inafundisha. Mvuvi wake alitakiwa kuwa na leseni, na katika mito mingi aliruhusiwa kutumia ufito na ndoano iliyofungwa manyoya mfano wa nzi, si wavu.

Hivyo mgeni wa mchezo aliwekewa kanuni mapema, huku ningu na mpumbu, waliokuwa chakula cha wananchi, wakikutana na nyavu kwenye njia ya uzazi. Samaki wa kitoweo anastahili ulinzi usiopungua ule wa samaki wa burudani.

MIEZI MITATU YA SUBIRA

Leo sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika Mweru na Luapula kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaliana. Maofisa wa Idara ya Uvuvi hufanya doria, na polisi huwasaidia. Kazi hiyo si nyepesi. Askari anayekamata wavu usiku anajua kwamba nyuma ya wavu huo huenda kuna watoto wanaongoja chakula. Lakini anajua pia kwamba watoto haohao watahitaji samaki mwaka ujao, na mwaka utakaofuata.

Kwa hiyo ulinzi wa ziwa huanzia nyumbani kabla ya Desemba. Familia iliyopanda mihogo na karanga, ikakausha samaki wa kutosha na kuweka fedha kidogo wakati wa mavuno ya ziwa, haitasukumwa na njaa kuvunja sheria. Akiba haiozi.

Jambo la pili ni chandarua. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazosumbuliwa sana na malaria. Chandarua kikigeuzwa kuwa wavu huleta hasara mara mbili: matundu yake madogo huzoa vifaranga vya samaki, na mtoto hulala bila kinga. Mahali pa chandarua ni kitandani.

Yako pia mambo ya kutazamwa mbele. Kwa muda mrefu Zambia na Kongo zimekuwa na mipango ya kuzalisha umeme wa Luapula, pamoja na maporomoko ya Mambilima na Mumbotuta. Umeme ni neema, lakini samaki husubiri mafuriko ili apande kutaga. Bwawa linaloyashika maji na kuyafungulia kwa saa za mitambo linaweza kumnyima ishara hiyo, na ukuta wake ukamzibia njia kuliko wavu wowote. Njia ya samaki ipimwe tangu siku ya kwanza ya ramani.

CHISENSE JIKONI

Siku hizi samaki mdogo aitwaye chisense, anayefanana na dagaa, ndiye tegemeo la nyumba nyingi. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kukaushwa juani.

Mama au baba wa nyumba anayemnunua achague aliyekauka vizuri, asiye na ukungu wala harufu ya kuvunda. Amchambue, amwoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, kisha amkaange kidogo na kumpika kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizotwangwa. Huliwa mzima, na mifupa yake midogo huwapa watoto madini ya kujenga mifupa na meno.

Ziwa likifungwa, mnunuzi naye afunge mkono wake. Samaki mbichi wa magendo asipopata mteja, wavu wa magendo hautakuwa na faida, na aliye njiani kwenda kutaga atapita.