Usukani wa nyuma: Utakata kona kali, ama utabiringika

MTAZAME dereva wa foklifti akigeuka katikati ya mizigo kwenye godauni. Matairi ya mbele hayakati kona. Yanayokata ni ya nyuma, ndiyo maana mashine nzito hivyo hugeuka mahali ambapo pikapu ingekwama.

Sasa chukua akili hiyo uiweke kwenye lori la rimoti lenye matairi makubwa. Hapo mchezo hunoga, na hapo ndipo wengi huangukia.

Mbio hizi zimeiga zile za malori makubwa ya Marekani, kama ya Monster Jam, unayoyaona mtandaoni yakiruka juu ya magari mabovu. Dereva wake huongoza matairi ya mbele kwa usukani, na ya nyuma kwa swichi ndogo ya kidole. Kazi mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa rimoti, hutakosa kusikia jina Clod Buster. Ni lori la kampuni ya Tamiya ya Japani lililotoka 1987, kwa kipimo cha 1/10. Lina mota mbili, moja kwa kila ekseli, na matairi yote manne hukata kona. Lakini sevo, ile mota ndogo inayosukuma usukani, ilikuwa moja tu, ikiunganishwa na ekseli zote mbili kwa vyuma virefu. Ukikata mbele, nyuma nako kunakata, utake usitake.

Wasee wa mbio hawakuridhika. Wengine waliyafunga matairi ya nyuma yasikate kabisa. Wengine waliweka sevo kwenye kila ekseli, na ile ya nyuma wakaipa chaneli yake kwenye rimoti. Sasa kidole gumba ndicho kinachoamua.

Utamu wake

Matairi ya nyuma yakigeuka kinyume na ya mbele kwa pembe sawa, duara la kugeukia hupungua hadi takribani nusu. Kwenye mbio fupi ambapo malori mawili yanashindana bega kwa bega na kona ni moja au mbili, kona hiyo ndiyo mbio yenyewe. Mwenzako akipanuka nje kutafuta nafasi, wewe ushatoka.

Yakigeuka upande mmoja na ya mbele, lori hutembea kimshazari kama kaa. Unahama mstari bila kugeuza pua.

Balaa lake

Ukiwa mbio, matairi ya nyuma ndiyo yanayozuia mkia usichomoke. Ukiyakata kinyume wakati huo, mkia unaruka nje, na kwa kuwa lori limeinuka juu, linabiringika kabla hujapepesa macho. Ni sawa na gari la kawaida likirudi nyuma kwa kasi: ukigusa usukani kidogo tu, linayumba.

Watengenezaji wa magari wanajua hili. Honda Prelude ya 1987 yenye usukani wa matairi manne ilifanya hivi: ukizungusha usukani kidogo, kama kwenye barabara kuu, matairi ya nyuma yalifuata upande wa ya mbele. Ukizungusha sana, kama unapoegesha, yaligeuka kinyume.

Kabla hujatoa chapaa

Sevo ya pili ni pesa, kwa hivyo enda mos mos. Kwanza funga matairi ya nyuma, ukimbize lori kwa usukani wa mbele hadi uweze kumaliza mzunguko bila kubiringika.

Ukishaweka sevo ya nyuma, anza na pembe ndogo, kisha uongeze kidogo kidogo. Shika tairi la nyuma ulitikise kwa mkono. Likicheza, kaza viungo, la sivyo lori litakuwa linajiendesha. Sevo dhaifu nayo haifai, kwa sababu lori likitua, ardhi itayasukuma matairi popote inapotaka.

Na kabla ya kila mruko, hakikisha matairi ya nyuma yamenyooka. Ukitua yakiwa yamepinda, hata kama ulikuwa unaongoza, utaenda kuliokota lori lako likiwa miguu juu huku mwenzako akivuka mstari.