Namba, siri na namba ya siri: msamiati wa usalama wa simu na kompyuta katika biashara

Katika soko la vitunguu la Misuna mjini Singida, na katika viwanda vidogo vya kukamua alizeti vilivyoenea mkoani humo, biashara nyingi siku hizi hukamilishwa kwa simu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, mzigo uko juu ya lori, na fedha iko njiani. Katika hali hiyo mfanyabiashara hupokea ujumbe mfupi kutoka namba asiyoijua: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Watanzania wameuzoea ujumbe wa aina hii kiasi cha kuufanyia utani. Hata hivyo unaendelea kutumwa, kwa kuwa bado wapo wanaoutii.

Kinga dhidi ya hadaa hii huanza katika lugha kabla ya kufika kwenye mashine. Makala haya yanachunguza maneno ambayo mfanyabiashara, mwalimu na mfasiri huyatumia wanapozungumzia usalama wa simu na kompyuta, na yanaonyesha mahali ambapo neno lisilo bayana humwachia tapeli nafasi.

Kazi ya kionyeshi "ile"

Vionyeshi vya Kiswahili havionyeshi umbali wa mahali tu. "Hiyo" hurejelea jambo lililokwisha kutajwa katika mazungumzo. "Ile", pamoja na kuonyesha kilicho mbali, hurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalikumbuka wote wawili, hata kama halijatajwa siku hiyo. Anayesema "ile hela" hadai kwamba kuna hela inayodaiwa, bali anazungumza kana kwamba jambo hilo limekwisha kukubaliwa. Msomaji mwenyewe ndiye anayetafuta kumbukumbuni ni hela ipi, na mfanyabiashara wa vitunguu mwenye madeni matatu au manne mkononi hakosi kuipata.

Mpangilio wa maneno nao husaidia. "Ile hela" imetangulizwa mbele ya kitenzi, mahali ambapo Kiswahili huweka jambo linalojulikana. Amri "tuma" inafuata ikiwa kama hatua ndogo tu ya utekelezaji. Kisha linakuja "jina litakuja la fulani", na hapa ndipo penye ujanja mkubwa zaidi. Huduma za fedha kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha muamala, na hiyo ni kinga iliyowekwa makusudi. Kifungu hicho kinaivunja kinga hiyo mapema: mtumaji akiona jina geni hashtuki, kwa sababu alikwisha kuambiwa.

Hadaa nyingine hutegemea kitenzi "rudisha". Mtu hupiga simu na kusema, "Mama, nimekosea kutuma, naomba unirudishie." Haiwezekani kurudisha kisichokuja, kwa hiyo kitenzi chenyewe kinapitisha dai kwamba fedha imefika. Mara nyingi simu hiyo hutanguliwa na ujumbe wa kughushi unaoiga mtindo wa taarifa halisi za miamala. Jibu la busara ni kuliweka kando neno "rudisha" na kuuliza swali lililotangulia: je, imekuja? Anayeweza kulijibu ni mwenye simu mwenyewe, kwa kuangalia salio lake katika menyu ya huduma, wala si kwa kusoma ujumbe alioletewa. Hata salio likionyesha kwamba fedha imeingia kweli, ni salama zaidi kuwaachia watoa huduma kazi ya kuirejesha.

Namba zote si sawa

Neno "namba", au "nambari" kama linavyotumika zaidi nchini Kenya, limebeba mzigo mkubwa. Tazama mifano hii:

- Lipa namba: hubandikwa ukutani ili kila mteja aione.
- Namba ya simu: hutolewa kwa yeyote anayefanya biashara nawe.
- Namba ya kitambulisho cha taifa: hutolewa kwa uangalifu, pale inapohitajika kisheria.
- Namba ya siri: haitolewi kwa mtu yeyote.
- Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi: haitolewi kwa mtu yeyote, na hutumika mara moja tu.

Vitu vitano vyenye viwango tofauti kabisa vya usiri vinaitwa kwa nomino moja, na tofauti yote hubebwa na neno linaloifuata. Tapeli anayefahamu hili huliacha neno hilo. Hasemi "nipe namba yako ya siri", kwa sababu kila mtu amefundishwa kukataa ombi hilo. Husema, "Nisomee namba iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako." Aliyekariri onyo "usitoe namba ya siri" haoni kwamba ameombwa siri.

Hivyo ndivyo akaunti nyingi za WhatsApp zinavyotekwa. Programu hiyo hutuma namba yenye tarakimu 6 kwenye simu ya mwenye akaunti. Anayeipata huweza kuifungua akaunti hiyo katika simu yake na kuanza kuwaomba fedha ndugu na wateja wa mwenyewe. Kinga inayopatikana katika mipangilio ya programu ni uthibitishaji wa hatua mbili, unaoongeza namba ya siri anayoichagua mtumiaji mwenyewe.

Kwa mfasiri na mwalimu, pendekezo ni kuiita namba hiyo "msimbo wa uthibitisho" na kuueleza kwa kifungu kamili: "msimbo huu ni siri, usimsomee mtu." Umbo "kodi", ambalo wengine hulitumia kwa maana ya msimbo, halifai hapa. Tayari Kiswahili kina "kodi" inayolipwa serikalini na "kodi" ya pango, na mfanyabiashara anayeambiwa kwa simu "tunahitaji kodi yako" anaweza kuelewa lolote kati ya hayo matatu.

Neno la siri, nenosiri, nywila

Kwa ufunguo wa kuingilia katika kompyuta au akaunti, Kiswahili kina maneno matatu yanayoshindana. "Neno la siri" linaeleweka papo hapo. "Nenosiri" ni umbo lake lililounganishwa, linalofaa katika nafasi finyu za skrini. "Nywila" ni istilahi inayotumika sana katika maandishi ya kitaaluma, lakini bado ni ngeni kwa wengi walio nje ya shule na ofisi.

"Neno la siri" lina dosari moja: linamshawishi mtumiaji achague neno. Matokeo yake ni jina la mtoto, jina la mji au jina la duka likifuatiwa na mwaka, mambo ambayo jirani yeyote anaweza kuyakisia. Ufunguo imara ni mrefu, na njia rahisi ya kuupata ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana. Mwalimu anayetumia "neno la siri" aongeze maelezo hayo; anayetumia "nywila" hana budi kwanza kulifafanua neno lenyewe. Kila akaunti pia inahitaji ufunguo wake, na kwa kuwa kichwa cha mtu hakiwezi kuhifadhi funguo 20, zipo programu za kutunza nywila zinazozihifadhi kwa usimbaji na kumwachia mtumiaji ufunguo mmoja mkuu wa kukumbuka.

Neno "siri" nalo lina historia yake katika jamii. Katika Kiswahili cha kawaida siri hutunzwa, lakini pia hupeanwa: kumpa mtu siri ni kumwonyesha kwamba anaaminika. Methali husema aijuaye siri ya mtungi ni kata, yaani siri ina mwenzi wake wa karibu. Kwa hiyo mwenye duka anayemnyima msaidizi wake namba ya siri huonekana kama anayemshuku, na wengi huitoa ili kulinda uhusiano. Namba ya siri si siri ya aina hiyo. Inafanya kazi kama sahihi ya mtu: fedha ikipotea, muamala unasomeka kuwa umefanywa na mwenye namba. Suluhisho linalolinda fedha na heshima kwa pamoja ni kumpa kila mfanyakazi akaunti yake katika programu ya mauzo au ya hesabu. Kila mmoja akiwa na jina lake la kuingilia, hakuna anayebebeshwa kosa la mwenzake.

Kufunga si kutoka

Wafanyabiashara wengi wasio na kompyuta hutegemea stesheneri: hapo hufungua baruapepe, huchapisha ankara na kujaza fomu za serikali mtandaoni. Tofauti ya vitenzi viwili ni muhimu sana mahali hapo. "Kufunga" ni kuliondoa dirisha machoni. "Kutoka" ni kuiambia huduma kwamba mtumiaji ameondoka. Aliyefunga bila kutoka amerudishia mlango tu, na anayekalia kiti baada yake anaweza kukuta akaunti iko wazi. Maelekezo ya Kiswahili yanapaswa kutenganisha vitenzi hivyo: "Toka kwenye akaunti, kisha funga dirisha." Kuandika "funga akaunti" ni kosa zaidi, kwa kuwa kunaweza kueleweka kuwa ni kuifuta kabisa.

Stesheneri ni mahali pia ambapo flashi hupita mikono mingi na kubeba virusi. Neno hili limekuja kwa mkopo, lakini wazungumzaji wameliona kuwa na umbo la wingi katika ngeli ya ki-/vi- na kuliundia umoja "kirusi". Umbo hilo linakubalika. Mwandishi azingatie tu herufi ndogo, kwani "Kirusi" kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi. Inafaa kukumbuka kwamba kirusi ni aina moja tu ya programu za kudhuru. Jina la jumla ni "programu hasidi", na neno "hasidi" linasaidia kwa sababu linaeleza nia: programu hiyo imeundwa na mtu kwa lengo la kudhuru, haikutokea kama mafua.

Kuhusu kinga, tafsiri "ukuta wa moto" inahitaji tahadhari. Katika ujenzi, ukuta uliotoa jina hilo ni ule unaozuia moto usienee kutoka chumba hadi chumba. Kihusishi "wa" hakielezi kama ukuta unauzuia moto au umeumbwa kwa moto, na msomaji mpya huchukua maana ya pili. "Kinga ya mtandao" inaeleza kazi ya chombo bila kumpoteza msomaji.

Kusasisha na kuweka akiba

Istilahi mbili zimefanikiwa kwa kuwa zinajieleza. "Sasisha" inasomeka kama kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ni bora kuliko "boresha" katika suala la usalama: mtu huahirisha kuboresha kitu anachoona kinafanya kazi vizuri, ilhali masasisho mengi huziba mianya ambayo wadukuzi wamekwisha kuifahamu. "Mdukuzi" nalo linakaribiana kwa sauti na maana na "dukiza", kusikiliza maneno ya watu kwa siri, na hivyo linabeba dhana ya kuingilia yasiyokuhusu.

"Nakala rudufu" ni istilahi sahihi lakini haijakamilika, kwa sababu "rudufu" inaeleza kwamba nakala ni mbili bila kusema ya pili iko wapi. Mwenye kiwanda cha alizeti anayehifadhi hesabu za msimu katika jedwali la kompyuta na kunakili faili hilo ndani ya kompyuta ileile anazo nakala mbili, na mwizi mmoja atazichukua zote. "Nakala ya akiba" inaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa mkulima anajua kwamba akiba huwekwa mahali pake, mbali na kinacholiwa leo. Nakala moja ibaki kazini, nyingine iwe kwenye diski iliyo mahali pengine au katika hifadhi ya mtandaoni. Husemwa akiba haiozi, lakini hii huweza kuoza: faili lisilojaribiwa kufunguliwa mara kwa mara linaweza kukutwa limeharibika siku linapohitajika.

Maneno haya na sheria

Usahihi wa istilahi hizi una uzito wa kisheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Katikati ya hizo, marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri wa leo anapochagua kati ya "kudukua", "kuingia bila idhini" na "kuiba taarifa", anachagua kati ya matendo tofauti ambayo mtu anaweza kushitakiwa nayo. Vilevile jedwali lenye majina, namba za simu na madeni ya wateja, lililochukua nafasi ya daftari la dukani, lina taarifa binafsi za watu, na anayelihifadhi ana wajibu wa kulilinda.

Aliyepokea ujumbe wa "ile hela" anaweza kuupeleka kwenda namba 15040, iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa taarifa za aina hiyo. Kwa kupiga *106# anaweza pia kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa mwalimu, ujumbe huohuo ni somo zuri la vionyeshi: wanafunzi waulizwe "ile" inarejelea nini, nani amelitaja jambo hilo kabla, na lini. Wasipopata jibu, watakuwa wamekwisha kuutambua utapeli.