Muulize Mshauri Alipita Njia Gani



Mwaka juzi gari langu dogo, ambalo hunichukua mimi na vitabu vya madrasa kutoka Tabora hata Urambo, lilianza kuchemsha maji njiani. Mjini lilikwenda salama. Likishika barabara ndefu, mshale wa joto hupanda. Nikaenda barazani chini ya mwembe, pale Isevya, ambapo wenye magari hukutana baada ya sala ya alasiri, nikaeleza taabu yangu. Kabla sijamaliza maneno, nilikuwa nimekwisha pewa majibu manne. Wa kwanza alisema ni pampu ya maji, maana lake lilikuwa hivyo hivyo. Wa pili akasema ni feni. Wa tatu akaapa kuwa gasketi imeungua. Wa nne akasema: "Maalim, ng'oa themostati uitupe. Nchi yetu ni ya joto, haina kazi hapa." Wote wakaitikia, nami nikalishika hilo la nne, na sababu yangu, niseme kweli, ni kwamba lilikuwa rahisi.

Themostati ni kilango kidogo kilicho baina ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, kilango hujifunga ili ipate moto upesi. Maji yafikapo joto la nyuzi 80 hivi au 90, kilango hujifungua, maji yakaenda kupoa katika rejeta. Mwenye kukiondoa aweza kuona mshale umeshuka kwa siku chache, akadhani amepona, bali ugonjwa wenyewe ungalipo. Na injini iendayo katika ubaridi hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Haya niliyajua baada ya hasara: petroli ilikwisha upesi kuliko desturi, kisha siku moja, karibu na Usoke, gari likachemsha tena, nikakaa kando ya barabara na mtoto wangu tangu adhuhuri.

Jambo hili si geni katika upande wetu huu. Palepale jirani ilipita njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi na wafanya biashara wa pembe na, tusifiche, wa watumwa, waliishi kwa kuulizana habari: maji yako wapi, vita viko wapi, mto unavukika au haupitiki. Aliyeshika habari mbovu alikufa kwa kiu.

Katika miaka ya 1850 wamisionari wawili wa pwani, Rebmann na Erhardt, waliwauliza wasafiri habari za bara. Wale waliokuwa wakiondokea Tanga na Pangani walisema kwamba mbele sana kuna maji makubwa. Wa Bagamoyo wakasema vivyo hivyo, na wa Kilwa pia. Wamisionari wakayaunganisha maji yote hayo yakawa bahari moja, na ramani yao ikachapishwa London mwaka 1856, ina ziwa moja kubwa ajabu, ambalo watu walilifananisha na konokono asiye na nyumba. Basi angalieni: hapana msafiri aliyesema uongo. Maji yalikuwako kila upande, ila yalikuwa maziwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Kosa lilitokea pale kweli ya mtu mmoja ilipobandikwa juu ya njia ya mwingine.

Aliyelikata fundo hilo alikuwa hapa hapa kwetu. Richard Burton na John Speke walipofika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, walikaribishwa na Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharthi, aliyeanza maisha yake Maskati kwa kutengeneza halwa. Yeye aliwaambia kuwa Ziwa la Ujiji ni mbali na Ziwa la Ukerewe, na kwamba hili la kaskazini ndilo kubwa zaidi. Alikuwa amesafiri katika Ziwa Tanganyika na kufika Karagwe na Uganda. Speke alikwenda kaskazini, akaliona ziwa lile mwezi wa Agosti 1858, na maneno ya Sheikh yakawa ndiyo.

Lakini kusafiri nako hakutoshi daima. Mfanya biashara mwingine alimwambia Speke kwamba mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Tanganyika, na kwamba yeye alikaribia mahali penyewe hata akahisi maji yakivuta. Walipofika Uvira, watoto wa mtawala wa pale walisema kinyume: wao wameufikia mto, nao unaingia ziwani. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwenye mdomo wake, wakaona unaingia.

Katika elimu ya hadithi, mwanafunzi hufundishwa kumpima mpokezi kabla ya kulipokea neno: nani alisikia, kwa nani, na je, walikutana? Mimi nafundisha hayo kila wiki, na chini ya mwembe niliyasahau.

Aliyenisaidia siku ile ya Usoke ni dereva mmoja mzee wa lori. Hakuniambia dawa, aliniuliza. Lachemsha likisimama au likienda mbio? Maji hupungua? Huweka maji gani? Nikamwambia ni ya kisima. Akangoja injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko, akanionyesha kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu. "Feni ingekuwa mbovu lingechemsha mjini, kwenye mwendo wa polepole," akasema. "Hii ni rejeta, imeziba." Ilisafishwa Tabora, nikanunua themostati nyingine, na mpaka leo mshale haujapanda.

Nilipoona ujuzi wake nikamwuliza pia juu ya giaboksi ya gari hilo, ambayo ni ya kujibadili yenyewe. Akafuta mikono yake, akanijibu: "Hiyo siijui, Maalim. Maisha yangu yote nimeendesha za kutia gia kwa mkono. Mtafute mwenye nayo."