Mitihani Sita kwa Mwaka: Mieleka ya Japani

Ninyi wanafunzi mnaijua hofu ya siku ya mtihani. Basi, katika nchi ya Japani wako vijana wanaofanya mitihani sita kila mwaka, tena mbele ya macho ya maelfu ya watu. Hao ndio wapigana mieleka ya sumo.

Sheria ya mchezo wao ni nyepesi kuelewa. Watu wawili hukabiliana juu ya jukwaa la udongo, ndani ya duara. Atakayetoka nje ya duara, au kugusa nchi kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Mara nyingi mambo yote huisha kabla hujahesabu ishirini.

Tangu mwaka 1958 mashindano makubwa ni sita: mwezi wa kwanza, wa tano na wa tisa hufanyika Tokyo, mji mkuu, mwezi wa tatu Osaka, wa saba Nagoya, na wa kumi na moja Fukuoka. Kila shindano huanza siku ya Dominika, likaendelea siku 15, likamalizika Dominika ya tatu.

Wapigana mieleka wamegawanyika katika madaraja sita. Wale wa madaraja mawili ya juu, wasiozidi 70, hushindana kila siku, yaani mara 15. Wa madaraja manne ya chini mara 7 tu. Kabla ya kila shindano orodha mpya ya vyeo hutangazwa. Aliyeshinda mara nyingi kuliko kushindwa kwa kawaida hupanda. Aliyeshindwa zaidi hushuka. Ni yule tu aliyefikia cheo kikuu, yokozuna, asiyeshushwa kamwe. Lakini nguvu zikimwishia, heshima yamlazimisha kustaafu.

Sasa tutazame jambo zito. Hao wa madaraja mawili ya juu hupata mshahara wa kila mwezi. Wadogo wao hupata chakula, malazi na posho kidogo. Kwa hiyo aliye ukingoni mwa daraja la pili, mwenye ushindi 7 na kushindwa 7, siku ya mwisho hushindania mkate wake. Mwenzake aliyekwisha kupata ushindi 8 hapotezi mengi akianguka. Hapo ndipo mshawishi hupata mlango.

Nao mlango ulifunguliwa. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba polisi wamekuta, katika simu za wapigana mieleka kadhaa, maneno ya kupatana nani ataanguka na kwa fedha ngapi. Aibu ilikuwa kubwa. Shindano la Osaka la mwaka ule likafutwa, na waliopatikana na hatia wakaondolewa mchezoni. Mwezi wa tano watu wakaingizwa uwanjani Tokyo bila kulipa.

Mtume Paulo alimfananisha Mkristu na mwanamichezo anayejinyima ili apate taji. Taji lililonunuliwa si taji, wala majibu yaliyoibwa kwa jirani si elimu. Tena yafaa tukumbuke: huyo aliyeshindwa kwa haki hakupotea. Alishuka cheo, akarudi mazoezini alfajiri, na baada ya miezi miwili shindano jingine likamfungulia njia ya kupanda tena. Bali aliyeuza mwanguko wake hakuwa tena na njia ya kurudi.