Je, Wajua? Bendi za Ukungu Zilipogeukia Pop

Kuna bendi ambazo muziki wake hautembei, unatanda. Gitaa linavuma kama kusi, sauti inatoka mbali, na wimbo mmoja unakula nusu saa yako. Halafu siku moja bendi hiyohiyo inatoa kibao cha dakika tatu cha kuchezeka, na mashabiki wanagawanyika kama wapenzi wa taarab asilia siku ya kwanza kusikia rusha roho! Sogea hapa kwenye benchi, msomaji wangu, nikumwagie.

Je, wajua kwamba mwaka 1971 Pink Floyd wa Uingereza walijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja tu? Unaitwa "Echoes" na una dakika 23. Miaka 8 baadaye bendi ileile ikatoa "Another Brick in the Wall", sehemu ya pili, kwa mdundo wa disko, ukawa wimbo wao pekee kufika nambari 1 Uingereza!

Na huo mdundo wa disko, unadhani ulitoka wapi? Prodyuza Bob Ezrin alimsukuma mpiga gitaa David Gilmour aende akasikilize muziki wa disko. Gilmour akaenda, akasikiliza, hakupendezwa hata kidogo. Wimbo ukauzwa kwa mamilioni.

Bado hujasikia. Kwaya ya watoto ndani ya wimbo huo ni wanafunzi 23 tu wa shule ya Islington Green, London. Sauti zao zilirekodiwa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikawa kama shule nzima iko uwanjani. Mwaka 1980 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliupiga marufuku, maana wanafunzi waliogomea elimu ya kibaguzi walikuwa wakiuimba. Wimbo wa kuchezea huo!

Je, wajua kwamba mwaka 1972 Genesis nao walikuwa na wimbo wa dakika 23? Ni "Supper's Ready", na jukwaani mwimbaji Peter Gabriel aliimba sehemu yake moja amevaa ua kubwa kichwani. Mwaka 1978, Gabriel akiwa ameshaondoka, wenzake wakatoa wimbo mfupi wa mapenzi, "Follow You Follow Me", ukashika nafasi ya 7 Uingereza. Wanabendi wenyewe wamesimulia kwamba tangu hapo ndipo wanawake walipoanza kuonekana kwa wingi kwenye maonyesho yao!

Si wote waliofurahi, lakini. Mwaka 1981, mjini Leiden, Uholanzi, Genesis walipiga nyimbo zao mpya zenye mdundo mkavu, na ukumbi ukawazomea. Waliozomea ni watu waliokata tiketi kwa pesa zao, fikiria!

Hii nayo utaisimulia nyumbani. Julai 1986 "Invisible Touch" ya Genesis ilifika nambari 1 Marekani, mara yao ya kwanza na ya mwisho. Wiki iliyofuata ikang'olewa. Na nani? Peter Gabriel, yuleyule wa ua kichwani, kwa kibao chake cha kuchezeka "Sledgehammer"!

Je, wajua kwamba mtoto wa Unguja naye yalimkuta? Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, alikuwa na Queen, bendi iliyojigamba kwenye majalada ya santuri zake za miaka ya sabini kwamba haikutumia sinthesaiza. Mwaka 1982 wakatoa "Hot Space", albamu iliyojaa sinthesaiza na disko, na wapenzi wa roki wakanuna. Freddie alisimama jukwaani Milton Keynes akawatuliza: jamani, ni santuri tu!

Sasa njoo kwa mabingwa wa huzuni, The Cure. Mei 1982 walitoa albamu nyeusi kama kaniki. Novemba ya mwaka huohuo wakatoa "Let's Go to Bed", wimbo wa kutikisa mabega! Meneja wao, Chris Parry, ndiye aliyemshawishi mwimbaji Robert Smith avunje makusudi ile sura ya giza. Mwaka uliofuata wakaimba habari za paka, na "The Love Cats" ikawaingiza kumi bora ya Uingereza kwa mara ya kwanza.

Unaufahamu ule wao wa Ijumaa, "Friday I'm in Love", wa mwaka 1992? Smith aliuona mtamu mno hata akaingiwa na hofu kwamba ameuiba mahali bila kujua. Akawa anawauliza watu: umewahi kuusikia huu? Hakuna aliyewahi. Ulikuwa wake!

Chukua gitaa lako ujaribu kuufuatisha wimbo huo. Nyuzi zinakataa, sivyo? Usilaumu gitaa. Studioni mashine ya kurekodia iliachwa ikienda kasi kidogo kuliko kawaida, na wimbo mzima ukapanda robo ya toni. Dunia nzima imeucheza hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba wimbo uliowafikisha The Cure nambari 2 Marekani mwaka 1989 ulikuwa zawadi ya harusi? Smith alimwandikia mkewe "Lovesong", dakika tatu na nusu basi. Na umo ndani ya "Disintegration", albamu ambayo wakubwa wa kampuni yao ya santuri waliihofia kuwa ina giza mno!

Ngoja, haijaisha. Novemba 2024 The Cure walirudi na "Songs of a Lost World", nzito, ya taratibu, ya misiba. Katika wimbo wa kwanza unasubiri zaidi ya dakika 3 kabla Smith hajafungua mdomo. Ikaenda nambari 1 Uingereza, mara ya kwanza kwao baada ya miaka 32! Nani kasema aliyeingia kwa mlango wa pop hafiki chumba cha ndani?

Je, wajua kwamba kuna mwimbaji aliyependwa kwa miaka bila watu kujua anasema nini? Ni Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins, bendi iliyotoka Grangemouth, mji uliokuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta hadi 2025 huko Uskoti. Alichanganya maneno na milio ya kwake mwenyewe, mashabiki wakabaki kubahatisha. Mwaka 1990, katika "Heaven or Las Vegas", maneno yakaanza kusikika na viitikio vikawa vya kushikika mara moja. Albamu ikapanda mpaka nafasi ya 7 Uingereza!

Unajua kilichotokea kati ya albamu hiyo na ile ya nyuma yake? Fraser alikuwa amejifungua binti, na mwenzake Simon Raymonde akafiwa na baba wakati kazi inaendelea. Ndani ya pop hiyo nyangavu kuna kitanda cha mtoto na kuna matanga. Isikilize tena ukijua hivyo.

Umewahi kununua albamu isiyo na jina? Mwaka 2002 Sigur Rós wa Iceland walitoa albamu ambayo mahali pa jina ina mabano mawili matupu. Nyimbo 8, hakuna hata mmoja wenye jina, na kijitabu chake ni kurasa tupu ili wewe msikilizaji uandike yako!

Miaka 6 baadaye, watu haohao, ambao mwimbaji wao hupiga gitaa kwa upinde wa selo, walifungua albamu mpya kwa makofi, ngoma na gitaa la kawaida. Wimbo ni "Gobbledigook", dakika 3 tu na ushei. Albamu hiyohiyo ina wimbo wao wa kwanza kwa Kiingereza. Na ukidhani wamepungua, subiri wimbo "Ára bátur": watu 90 wanapiga na kuimba kwa wakati mmoja!

Je, wajua kwamba kuna bendi yenye jina la galaksi? M83 ya Mfaransa Anthony Gonzalez imechukua jina la galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 15 hivi. Mwaka 2011 ukungu wake wa vinanda ulizaa "Midnight City", kibao kinachomalizikia kwa saksafoni ya kupasua anga. Watu wasiowahi kuisikia bendi hiyo wakawa wanaimba mlio wake bila kujua jina.

Katika albamu yenye wimbo huo kuna mtoto mdogo anayesimulia habari za chura wa ajabu. Mtoto huyo ni binti wa prodyuza, Justin Meldal-Johnsen. Shika jina hilo, nitalihitaji. Mwaka 2016 Gonzalez alitoa "Junk", pop tupu yenye harufu ya televisheni ya zamani, na midoli ya manyoya juu ya jalada. Wapo walioipenda papo hapo, wapo walioirudisha kabatini!

Umewahi kudhani simu yako imeharibika katikati ya wimbo? Mwaka 2015 Kevin Parker wa Tame Impala, kutoka Perth, Australia, aliweka katika "Let It Happen" sehemu inayokwama na kujirudia kama diski iliyochubuka. Ameiweka makusudi! Albamu ni "Currents", ambamo magitaa ya ukungu yalipisha vinanda na mdundo wa dansi. Mwaka uliofuata Rihanna akauchukua wimbo wa mwisho wa albamu hiyo na kuuimba karibu kama ulivyo.

Je, wajua kwamba kuna waliokwenda kinyume? Talk Talk walikuwa nyota wa pop, kisha mwaka 1988 wakatoa "Spirit of Eden", nyimbo 6 za minong'ono na ukimya, zilizorekodiwa London katika studio iliyotiwa giza. Bendi na kampuni yao ya santuri wakafikishana mahakamani. Leo albamu hiyo inatajwa kama chemchemi ya bendi chungu nzima za ukungu!

Sasa kaa vizuri, nimekuwekea tamu ya mwisho. Deafheaven wa San Francisco walijulikana kwa roki nzito ya mayowe, iliyofunikwa na ukungu wa magitaa. Mwaka 2021 walitoa "Infinite Granite", na mwimbaji George Clarke, aliyekuwa akipasua koo, akaimba kwa sauti laini karibu albamu nzima. Prodyuza? Justin Meldal-Johnsen, baba wa yule mtoto wa chura! Mashabiki wakabishana usiku kucha: wamekua hawa, au wamelegea?

Na je, wajua wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unaitwaje? "Mombasa"! Unaanza taratibu kama maji yakijaa, gitaa na sauti ya upole, mpaka unasema hawa kweli wamebadilika. Kisha, mwishoni kabisa, ngoma zinalipuka na yale mayowe ya zamani yanarudi yote.

Wimbo huo unakuomba dakika 8 tu, ndugu yangu. Usiuzime katikati.