Kahawa ya Plunja: Ndugu, Tusiiogope



Siku moja tulitembelea kikundi cha wamama upande huu wetu wa Kesses. Baada ya hesabu za chama kumalizika, mwenyekiti akatoa kabatini birika la kioo ambalo mgeni mmoja aliwaachia kama zawadi. Ni lile birika refu lenye kifuniko, fimbo katikati, na kichujio cha waya cha kusukuma chini. Wengi wanaliita plunja. Lilikuwa limekaa muda mrefu bila kazi, na ndani yake wamama walikuwa wameweka vijiko.

Wakasema, wacha tujaribu leo. Wakatia kahawa iliyosagwa laini kama unga wa ugali, wakamimina maji ya moto hadi juu kabisa, wakaanza kusukuma. Fimbo ikakataa. Mama mmoja akasimama, akaikandamiza kwa mikono miwili. Kahawa ya moto ikaruka kutoka pembeni, ikamwunguza mkono. Birika likarudi kabatini, na wote wakakubaliana ati kahawa ni mambo ya wageni, sisi turudi kwa chai yetu.

Sisi tulirudi nyumbani tukiwa na uchungu. Yule mama aliumia kwa sababu ya jambo dogo ambalo hakuna mtu alikuwa amemweleza. Ndiyo maana katika toleo hili tunataka kueleza kazi hii hatua kwa hatua, ili kikundi chochote kiweze kutengeneza kahawa nzuri, bila stima, na bila mtu kuungua.

KAHAWA SI YA WAGENI

Huku Kesses sisi ni watu wa mahindi, ngano na maziwa. Lakini kahawa inalimwa kwa majirani zetu: Nandi, Kericho, Elgeyo Marakwet, Trans Nzoia na Bungoma. Kahawa ya Kenya inajulikana dunia nzima, na sehemu kubwa sana hupelekwa nje. Sisi wenyewe tunakunywa chai. Tumewahi kukaa na mzee wa Nandi ambaye amechuma kahawa tangu ujana wake, na alituambia hajawahi kuonja ya shamba lake.

Hali hii ina historia yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walileta miche ya kahawa Bura, huko Taita, mwaka 1893. Baadaye wakaipanda pia katika misheni ya St. Austin's, Nairobi. Walowezi walipoona faida yake, Mwafrika akazuiwa kuilima. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru waliruhusiwa kwa majaribio, na ruhusa ikapanuka baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kwa hiyo mkulima wetu aliijua kahawa kama kitu cha kupima kwa mizani na kupeleka kiwandani. Hakuna aliyemfundisha kuiweka mezani kwake.

Lakini tuwaangalie ndugu zetu wa Pwani. Mombasa na Lamu wanakunywa kahawa chungu tangu zamani, inachemshwa katika dele la shaba juu ya makaa, na kutiwa tangawizi au iliki. Nao majirani wetu wa Ethiopia hukaanga kahawa nyumbani mbele ya wageni, wakaitwanga na kuipika papo hapo. Hawa si matajiri. Wanajua tu namna ya kuitengeneza.

Hata hili birika tunaloliogopa halina siri kubwa. Wazungu wanaliita la Kifaransa, na kweli Wafaransa walisajili kifaa kinachofanana nalo mwaka 1852. Lakini Waitaliano wawili wa Milan, Attilio Calimani na Giulio Moneta, nao walisajili lao mwaka 1929. Kazi yake ni moja tu: kutenganisha kahawa na machicha.

KUPATA KAHAWA KWA NJIA SAFI

Kikundi kinaweza kununua kahawa iliyokaangwa tayari, ikiwa bado nzima au imesagwa kwa chenga kubwa. Soma pakiti vizuri. Ile kahawa ya kopo ambayo inayeyuka yenyewe ndani ya maji haihitaji plunja, na haifai kwa kazi hii.

Mkipata kahawa mbichi iliyokobolewa, iwe ni kutoka kwa chama cha ushirika au kiwanda kinachotambuliwa, na mdai risiti. Hapa tunasema wazi: msinunue kahawa ya usiku. Katika sehemu zinazolima kahawa, wezi huvunja maghala na kuchuma mashambani gizani. Mtu akiwaletea gunia kwa bei ya chini na hataki kusema limetoka wapi, hiyo ni jasho la mwaka mzima la mkulima mwenzenu. Na sheria itamkamata mnunuzi pamoja na mwizi.

KUKAANGA

Kama kahawa yenu ni mbichi, fanyeni hivi:

1. Chagueni kwanza. Ondoeni mawe, punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Punje moja mbovu huharibu ladha ya birika zima.

2. Tumieni sufuria nzito, karai au chungu, juu ya jiko la makaa. Fanyeni kazi hii nje, kwa sababu kuna moshi mwingi. Wekeni kidogo kidogo, punje zisizidi unene wa vidole viwili.

3. Koroga bila kupumzika. Punje zitageuka manjano na kunukia kama mkate, kisha kahawia. Baada ya dakika kumi hivi, au zaidi kulingana na moto, zitaanza kulia pa! pa! kama bisi. Mlio huo ukitulia na rangi ikawa kahawia iliyoiva, epueni. Mkingoja mpaka ziwe nyeusi na zitoe mafuta mengi, mtakunywa uchungu wa makaa.

4. Mwageni kwenye ungo mara moja, mpepete. Maganda mepesi yataruka na punje zitapoa. Zikibaki kwenye sufuria ya moto zitaendelea kuiva.

5. Ziacheni zipumzike siku moja, kisha mzitie kwenye kopo lenye kifuniko. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye utamu zaidi, kwa hiyo msikaange nyingi za kukaa mwezi mzima.

KUSAGA: HAPA NDIPO WENGI WANAKOSEA

Kahawa ya plunja inatakiwa iwe na chenga, mfano wa mahindi yaliyopasuliwa kwa vifaranga, lakini ndogo zaidi. Karibu na sukari yenye punje kubwa. Ikiwa laini kama unga, inaziba matundu ya kichujio. Maji yakikosa njia ya kupita katikati, yanatafuta njia ya pembeni kwa nguvu. Hilo ndilo lililomwunguza yule mama.

Kinu na mchi vinatosha. Twanga kidogo kidogo, chekecha, na unga laini uweke kando. Huo unafaa kwa kupikwa kwenye sufuria. Msipeleke kahawa kwenye mashine ya kusaga unga wa ugali. Itatoka laini mno, na unga wa jirani utanuka kahawa.

KUTENGENEZA

Kwa birika la lita moja tumia gramu 60 za kahawa. Kama hamna mizani, ni vijiko vinane hivi vya mezani vilivyojaa. Njia nyingine ni kukumbuka kwamba pakiti ya gramu 250 inatoa mabirika manne.

Kwanza, suuza birika kwa maji ya moto ili kioo kisipasuke na kahawa isipoe haraka. Yamwage.

Pili, weka kahawa, kisha mimina maji kiasi cha kuilowesha tu. Ngoja nusu dakika. Utaona inafura na kutoa mapovu.

Sasa sikilizeni jambo moja la kwetu. Vitabu vingi vinasema maji yakichemka uyaache yapoe kidogo, kwa sababu maji ya nyuzi 100 ni moto mno kwa kahawa. Ushauri huo unamfaa mtu wa Mombasa. Sisi huku tuko juu zaidi ya mita 2,000, na maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Ndiyo sababu hata maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Kwa hiyo usingoje. Yakichemka tu, mimina.

Tatu, ongeza maji, lakini acha nafasi ya vidole viwili juu. Koroga kwa kijiko cha mti. Weka kifuniko, fimbo ikiwa bado imeinuliwa.

Nne, hesabu dakika nne kwa saa au simu. Usikisie.

Tano, weka birika mahali palipo sawa, mdomo wake ukiangalia mbali na watu, na watoto wasiwe karibu. Sukuma fimbo taratibu kwa mkono mmoja. Ikikataa, usishindane nayo. Inua kidogo, ngoja, jaribu tena polepole. Ikikataa kabisa, iache. Mimina kahawa polepole kupitia kitambaa safi.

Sita, mimina yote mara moja kwenye vikombe au chupa ya chai. Ikiendelea kukaa juu ya machicha inakuwa chungu. Maziwa yachemshwe kando na kuongezwa kikombeni. Usiyatie ndani ya plunja, yataganda kwenye waya na kunuka.

Mtu akiungua, weka mkono chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, siagi wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa, nendeni zahanati.

KAMA HAMNA PLUNJA

Msiahirishe. Chemsha maji kwenye sufuria, epua, tia kahawa kwa kipimo kile kile, koroga, funika dakika nne. Nyunyiza maji baridi kidogo juu, machicha yatazama. Kisha chota taratibu au chuja kwa kitambaa. Ladha haiko mbali sana. Na kama mtanunua plunja, ya chuma inavumilia maisha ya kikundi kuliko ya kioo.

Kila mkimaliza, fungueni kichujio na mwoshe kila sehemu. Mafuta ya jana yanaharibu kahawa ya leo. Machicha pelekeni kwenye shimo la mbolea.

HESABU YA KIKUNDI

Kilo moja ya kahawa mbichi hupungua ikikaangwa. Tuseme inabaki gramu 800. Hizo zinatoa lita 13 hivi, na kwa kikombe cha robo lita hiyo ni vikombe kama 50. Mweka hazina achukue bei ya kilo, aongeze makaa, sukari na maziwa, agawanye kwa 50. Hapo mtajua kikombe kimoja kinagharimu nini, na mtaweza kulinganisha na kahawa ya kopo.

Vikundi vingine vitaanza kufikiria wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wanaopita hapa kila siku. Wazo si baya. Lakini kukaanga kahawa kwa ajili ya biashara kunahitaji leseni, kwa hiyo ulizeni kwanza katika ofisi ya kilimo ya kaunti. Anzeni kwa kuinywa wenyewe mpaka mkono uzoee.

AFYA

Kahawa na chai zote mbili hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwa mboga na maharagwe. Kunyweni saa moja hivi kabla au baada ya chakula, hasa wamama wenye upungufu wa damu. Wajawazito wapunguze sana, na wafuate ushauri wa kliniki. Watoto wasipewe. Tena, kahawa ya plunja hubaki na mafuta fulani yanayoweza kupandisha kolesteroli. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba yake iko juu, achujiwe kwa karatasi maalumu ya kahawa. Na asiyelala usiku, ya jioni aiache.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni vifaa gani tulipewa na bado vimekaa kabatini? Je, ni kwa sababu havifai, au ni kwa sababu hatukufundishwa?
2. Ni mazao gani yanatoka hapa kwetu na kwa majirani, lakini sisi hatuyatumii?
3. Mtu akituletea kahawa ya bei rahisi bila risiti, tutamjibu nini?

Kuhusu wale wamama, tulirudi kwao na kahawa yenye chenga. Tulimwomba yule yule aliyeungua asukume fimbo. Aliogopa, akaweka kidole kimoja, halafu mkono. Fimbo ikashuka polepole mpaka chini. Aliangalia birika, akacheka, akasema, "Kumbe haikuhitaji nguvu." Vile vijiko sasa vimetafutiwa mahali pengine.